Usiku wa kuamkia: tarehe ambayo mtu ataisoma

Nahodha aliiweka risiti juu ya mizani, akaibana kwa kidole gumba upepo usiichukue, akamwambia mwenye stoo, "Hii si yangu."

"Ni yako. Jina la chombo si hili hapa?"

"Jina langu. Saa si yangu. Hapa pana saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Saa hizo chombo kiko mchangani, fundi anakitia kalafati. Hiyo barafu ningeitia wapi, mama, mfukoni? Mie nimechukua barafu usiku wa kuamkia Nane Nane, tumeshatoka kuswali isha."

Nilikuwa pale Deep Sea, ufukwe wa wavuvi hapa Tanga mjini, kwa shughuli nyingine kabisa: printa ya stoo ilikuwa inameza karatasi. Nikaomba niione ile risiti. Chini kabisa, baada ya bei ya magunia ya barafu, palikuwa na mstari huu:

2024-08-07T17:10:42Z

Nahodha alikuwa amesoma sawasawa. Aliziruka herufi asizozijua, akashika 17:10, akatoa sita kichwani kama tunavyotoa sote, akapata kumi na moja na dakika kumi. Programu nayo, ukiijua lugha yake, ilikuwa imeandika ukweli mtupu. Na mwenye stoo alikuwa anadai pesa yake halali.

Wote wana haki, na deni halilipiki.

Ugomvi uliisha karani wa chombo alipoleta daftari. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "barafu, saa mbili usiku". Nahodha akalipa, akaenda zake. Mwenye stoo akaniambia, "Mwanangu, ukimaliza hiyo printa, na hii tarehe niandikie kitu mtu atakisoma." Aliyewauzia ile programu hapatikani tena kwenye simu, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Imenikaa kichwani wiki kadhaa.

Herufi Z

Wanaoandika programu wameshaona tatizo. Ile Z ya mwisho inasema muda huu ni wa UTC, saa ya pamoja ya dunia ambayo nchi zote zinapimia saa zao, na Tanga iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kiangazi na masika, kwa sababu huku hatusogezi mishale kufuata msimu. Kwa hiyo 17:10 ya kule ni 20:10 ya huku. Saa mbili na dakika kumi usiku. Karani na kompyuta walikuwa wanasema kitu kimoja.

Muundo wenyewe ni ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na nakiri mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku. Ukiyapa mafaili yako majina ya namna hiyo, yanajipanga yenyewe kwa mpangilio wa wakati, hata kompyuta isipojua kama hizo ni tarehe. Hauna majina ya miezi, kwa hiyo hauhitaji kutafsiriwa. Ni muundo mzuri mno kwa mashine kuiandikia mashine.

Hata wakubwa wa intaneti walipoutengenezea toleo lao, RFC 3339 ya mwaka 2002, waliona ile T ya katikati inasumbua macho. Wameruhusu programu iweke nafasi tupu badala yake, na sababu waliyoitaja ni urahisi wa kusoma. Nilipenda sana hilo. Watu waliokuwa wanaandika sheria za kompyuta walisimama kidogo wakamfikiria mtu.

Basi jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: toa Z, toa T, geuza muda uwe wa Tanga, ondoa sekunde. Nikamchapia mwenye stoo kwenye karatasi:

2024-08-07 20:10

Yeye akaridhika. Kijana mmoja mchuuzi aliyekuwa anasubiri barafu akachungulia, akasoma kwa sauti: "Tarehe nane mwezi wa saba."

Hapo ndipo nusu saa ilipokufa.

Mpaka wa saa tisa usiku

Kabla ya tarehe na miezi, niseme kitu nilichokikuta ndani ya ile programu ya zamani, maana kipo kwenye programu nyingi na hakionekani mchana.

Ripoti ya mauzo ya kila siku ilikuwa inakata herufi kumi za mwanzo za ule muda wa UTC na kuzifanya ndiyo siku ya mauzo. Kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ni mstari mmoja tu: amri ya toISOString, inayotoa muda wa UTC kwa muundo ule wa ISO, kisha unachukua kipande cha mwanzo. Unafanya kazi vizuri saa nne asubuhi. Unafanya kazi vizuri saa kumi jioni. Lakini Tanga inapofika saa sita usiku na tarehe ikageuka, kule UTC ni saa tatu usiku, bado jana. Siku ya stoo ile ilikuwa haigeuki saa sita usiku wala jua linapochwea. Ilikuwa inageuka saa tisa usiku.

Kwenye duka la vitambaa Ngamiani usingeligundua milele. Nani ananunua kanga saa nane usiku? Deep Sea ni jambo jingine. Vyombo vinavyovua kwa taa vinatoka giza likiingia na kurudi kabla hakujapambazuka, na anayerudi saa nane usiku anataka barafu saa nane hiyohiyo, samaki hawasubiri. Anayerudi saa kumi naye vilevile. Kwenye ripoti, hawa wawili walikuwa wanaangukia siku mbili tofauti, na mwenye stoo alikuwa ameshazoea kuzijumlisha kwa mkono bila kujua kwa nini.

Tangu hapo nina tabia moja: nikipewa programu ya mtu niikague, naigeuza saa ya kompyuta iwe saa nane usiku ndipo naanza kubofya.

Siku 132

Turudi kwa yule kijana. 08-07 aliisoma tarehe nane mwezi wa saba kwa sababu sisi tunaanza na siku. Mwaka ukitangulia, tuliozoea kompyuta tunajua kwamba mwezi unafuata. Yeye aliuona mwaka, akauruka, akaendelea na desturi yake. Halafu kuna Marekani, ambako mwezi huanza kabisa, na programu nyingi za biashara zinakuja zimewekwa hivyo mpaka mtu akumbuke kubadilisha.

Utata huu una ujanja wake. Siku ikizidi 12 hauonekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Unajificha kuanzia tarehe 13 mpaka mwisho wa mwezi, kisha mwezi mpya ukiandama unarudi. Siku zenye utata ni 12 kwa kila mwezi, ondoa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 7/7. Zinabaki 132 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi ya mwaka risiti yako inaweza kusomwa tarehe mbili, zote halali.

Dawa inajulikana: andika mwezi kwa herufi. 7 Agosti 2024. Hapo hakuna wa kubadilisha kitu na kitu.

Mwenye stoo alinipinga kidogo. Pale ufukweni hakuna anayesema Agosti; ni mwezi wa nane, basi. Ni kweli, na mimi nyumbani nasema hivyohivyo. Lakini "mwezi wa nane" kwenye karatasi inarudi kuwa 8, na 8 ndiyo iliyotuleta hapa. Tukakubaliana Agosti.

Nikaongeza siku ya wiki. Watu wanakumbuka siku kuliko wanavyokumbuka tarehe. Muulize mtu alinunua lini, atakwambia Jumatano. Na siku ya wiki inafanya kazi ya mlinzi: tarehe 7 Agosti 2024 ilikuwa Jumatano, tarehe 8 Julai ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo hata aliyechanganya namba atashtuka. Mlinzi huyu ana usingizi wake, lakini. Tarehe 9 Mei na tarehe 5 Septemba huangukia siku moja ya wiki kila mwaka, kwa kuwa kati yake pana siku 119, yaani wiki 17 kamili. Tarehe 11 Julai na 7 Novemba nazo ndivyo. Kwa hiyo 5/9 na 9/5 hata Jumatano haikuokoi. Nilifurahi sana nilipolikokotoa hili, na nikamweleza mke wangu. Yeye hakufurahi kiasi hicho.

Mbili na nane zinabadilishana viti

Tarehe ikawa imetulia. Saa ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilichotaka moyoni ni kuandika saa kama tunavyoisema. Risiti ya Tanga, kwa mtu wa Tanga, kwa nini iseme 20:10? Iseme "saa 2:10 usiku". Barua za ofisi zinaandika hivyo, matangazo ya mikutano yanaandika hivyo, saa 2:00 asubuhi bila kukosa, na watu wanafika saa tatu kwa sababu zao nyingine.

Nikachapa karatasi kadhaa za mfano na kuzitembeza. Mama anayepika supu ya pweza pale nje aliisoma "saa 2:10 usiku" bila kusita: saa mbili na dakika kumi. Msaidizi wake, binti ambaye simu haimtoki mkononi, akasoma saa nane na dakika kumi. Wakatazamana.

"Mbili hiyo, we."

"Mama, hiyo ni ya simu. Mbili ya simu ni nane."

Nilikaa pale nikanywa supu yangu na kulifikiria hili neno. Mchana tatizo halipo. Ukiona "saa 2:00 asubuhi", lazima iwe saa mbili ya kwetu, kwa sababu 2:00 ya simu ni usiku wa manane na hakuna anayeiita asubuhi. Ukiona "saa 8:00 mchana", lazima iwe ya kwetu pia, kwa sababu 8:00 ya simu ni ya watu wanaokunywa chai. Neno la pembeni, asubuhi au mchana, linakwambia lenyewe saa ipi inatumika.

Usiku neno hilo linanyamaza. Saa nane yetu ya usiku ni 2:00 ya simu, na saa mbili yetu ya usiku ni 8:00 ya simu, na zote mbili ni usiku. Tofauti ya saa sita inafanya namba zibadilishane viti: mbili na nane, tatu na tisa, nne na kumi, tano na kumi na moja. "Saa 9 usiku" inaweza kuwa mtu anarudi bandarini au mtu anaangalia tamthilia. Hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokusaidia kuamua.

Jambo lililonigeuza ni dogo. Nilimpa yule binti karatasi nyingine iliyoandikwa 20:10. Akasoma palepale: "Saa mbili na dakika kumi usiku." Nikampa mama. "Saa mbili na dakika kumi." Nikampa nahodha mwingine, mzee wa makamo, aliyeniambia hajui kusoma sana. "Mbili na kumi."

Sote tunajua kufanya hivi tangu utotoni. Saa ya ukutani mshale mfupi umesimama kwenye nane, na mtoto wa darasa la pili anasema mbili, anasoma upande wa pili wa duara. Jicho letu likiona tarakimu zenye nukta mbili katikati linageuza bila kuulizwa. Shida inaanza pale mwandishi anapokuwa ameshageuza tayari: msomaji anageuza mara ya pili.

Na kinyume chake, hakuna mtu hata mmoja aliyeona maneno "saa mbili usiku" yameandikwa kwa herufi akafikiria saa nane. Maneno hayageuzwi. Yanasomwa.

Kwa hiyo tarakimu ziwe za simu, za saa 24, na maneno yawe ya kwetu. Kinachoumiza ni mchanganyiko: tarakimu ya Kiswahili iliyovaa nukta mbili za simu.

Kadi ya harusi

Nikapendekeza tuandike vyote viwili. Mstari wa tarakimu, na chini yake mstari wa maneno. Mwenye stoo akacheka mpaka akakaa.

"Mwanangu, hii itakuwa risiti au kadi ya harusi?"

Nikamkumbusha hundi. Benki wanataka kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na hakuna anayewacheka. Tarakimu zinachezewa, zinasomwa vibaya, zinafutika. Maneno yanazishika mkono. Akatafakari, akasema, "Haya, lakini karatasi isirefuke, karatasi ni pesa."

Printa yake ni ile ndogo ya milimita 58, inayoingiza herufi 32 kwa mstari. Ina herufi ndogo zaidi zinazoingia 42, ila risiti zile zinasomwa kwa tochi na watu waliokesha baharini, nikaona ni ukatili. Nikahesabu. Tarehe ndefu kuliko zote ni kama Jumamosi 28 Septemba 2024, na ukiongeza nafasi mbili na saa yake inafika 32 kamili, bila herufi ya kubaki. Nilihisi kama printa na kalenda vilikaa wakapatana bila mimi.

Mstari wa maneno ndio uliokuwa mkaidi. "Saa mbili na dakika kumi usiku" inaingia. "Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri" haiingii, imezidi. Kuandika "saa 12 kasorobo" ni kurudi kwenye ule mchanganyiko nilioukimbia. Dakika kamili kwa maneno ndiyo balaa kabisa: jaribu kuiandika 05:29 uone.

Nikaamua mambo mawili. Kwanza, maneno yasibebe dakika; yaende kwa robo ya karibu. Kazi ya usahihi ni ya tarakimu zilizoko juu yake, kazi ya maneno ni kumwambia mtu ni saa ipi hii. Watu wenyewe ndivyo wanavyosema: mbili na robo, tatu kasorobo, nne na nusu. Pili, neno "saa" lidondoke. Aliyekwisha soma 20:10 hahitaji kuambiwa kwamba hii ni saa. "Kumi na mbili kasorobo alfajiri" ni herufi 31. Inaingia.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiandike "saa tatu zilizopita", kama mitandao ya kijamii. Hiyo ni ya kioo, kioo kinajirekebisha. Karatasi inayosema "dakika tano zilizopita" inasema kweli kwa dakika moja tu maisha yake yote.

Usiku mmoja, tarehe mbili

Nilikuwa nadhani nimemaliza. Nilipokuwa nazijaribu risiti za usiku mzima kwa data ya zamani ndipo nikaona chombo kilekile cha yule nahodha, kimechukua barafu Jumatano 20:10, na kimechukua tena Alhamisi 03:40, kimerudi na samaki. Kwa kompyuta hizo ni siku mbili. Kwa nahodha, karani, mwenye stoo na wale wanaogawana pato, ni safari moja ya usiku mmoja. Ripoti ya "Jumatano" inaondoka na gharama, ripoti ya "Alhamisi" inaondoka na samaki, na kila mmoja peke yake ni upuuzi.

Niite huo usiku gani? "Usiku wa Jumatano" nusu yake ni uwongo. "Usiku wa Alhamisi" ni hatari zaidi, hasa pwani. Msikitini, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Siku inaanza jua likichwa. Kijana akikwambia tukutane usiku wa Ijumaa ana maana ya Ijumaa baada ya kazi. Wote wawili wanaishi Chumbageni na wanaweza kuwa ndugu.

Kisha nikamkumbuka nahodha na Nane Nane yake. Usiku wa kuamkia Nane Nane. Wala hakufikiri, ndivyo mtu anavyosema. Redio zinasema hivyo kila siku, ajali imetokea usiku wa kuamkia leo, mvua imenyesha usiku wa kuamkia Jumapili. Saa mbili usiku wa Jumatano imo. Saa kumi kasorobo kabla ya adhana ya alfajiri imo. Usiku mzima, kutoka machweo hadi mapambazuko, una jina moja, na hakuna Muislamu wala Mkristo, kijana wala mzee, anayeweza kuusoma vingine.

Risiti ikawa hivi:

Jumatano 7 Agosti 2024  20:10
mbili na robo usiku
wa kuamkia Alhamisi

Na ile ya kurudi:

Alhamisi 8 Agosti 2024  03:40
kumi kasorobo usiku
wa kuamkia Alhamisi

Tarehe mbili juu, usiku mmoja chini. Ripoti sasa inajumlisha kwa ule mstari wa chini.

Kwenye programu ni hesabu ya kitoto: chukua muda wa Tanga, ongeza saa sita, tazama imeangukia siku gani ya wiki. Jumatano 20:10 inakuwa Alhamisi 02:10. Alhamisi 03:40 inakuwa Alhamisi 09:40. Mpaka unahama kutoka saa sita usiku kwenda saa kumi na mbili jioni. Jua la Tanga haliyumbi sana, tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa kumi na mbili inatosha kwa biashara ya barafu. Kwa futari isingetosha.

Tokyo

Hapa niruhusuni kidogo, kwa sababu hiki kimenichekesha peke yangu usiku.

Muda wa Tanga ukiongeza saa sita ni UTC ukiongeza tisa. UTC ukiongeza tisa ni Japani, ambako nako hawasogezi saa. Tazama sasa: Tanga ikiwa Jumatano 20:10, Tokyo ni Alhamisi saa 2:10. Mbili na dakika kumi, na siku ni Alhamisi, kama kwenye mstari wa kuamkia! Tanga ikiwa 07:00, Tokyo ni 13:00, na ukiisoma kwa saa 12 ni moja. Saa moja asubuhi.

Yaani saa ya mshale iliyowekwa muda wa Tokyo, ukiitundika sebuleni Raskazone, inasoma saa za Kiswahili bila kugeuza, na tarehe yake inabadilika magharibi, kama siku ya wazee wetu.

Usiiweke hiyo kwenye programu ya mtu. Atakayekuja baada yako akaikuta "Asia/Tokyo" kwenye hesabu za barafu ya Deep Sea atakulaani, na atakuwa na haki. Mimi nimeandika "ongeza saa sita" na maelezo chini yake.

Ya kompyuta

Ndani ya hazina ya data sikugusa kitu. Muda unakaa kwa UTC pamoja na sekunde zake, ile Z niliyoitoa kwenye karatasi bado ipo kule na itabaki kule. Mtoto wa mwenye stoo yuko Muscat, anafungua ripoti kwa simu, na kule wako mbele yetu kwa saa moja. Bila kumbukumbu ya aina hiyo angekuwa anaona barafu inauzwa saa nyingine kabisa.

Faili la mhasibu nalo lina muundo wa mashine, 2024-08-07 20:10:42+03:00, na nimemwomba asilifungue kwa kubofya mara mbili. Excel ikiona kitu kinachofanana na tarehe inakigeuza bila kubisha hodi. Wanasayansi wa jeni waliteseka nayo mpaka mwaka 2020 kamati inayoyapa majeni ya binadamu majina ikakubali kushindwa: jeni lililoitwa MARCH1 likapewa jina MARCHF1, na SEPT1 likawa SEPTIN1, kwa sababu majedwali yalikuwa yanayasoma kuwa tarehe moja ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa tisa. Ikiwa wao wamebadilisha jina la jeni, mimi sitashindana na jedwali kwa ajili ya barafu.

Mhasibu ndiye aliyebaki hajaridhika. Yeye anafunga hesabu kwa tarehe ya serikali, saa sita usiku kwa saa sita usiku, na safu ya "kuamkia" inamfanya jumla zake za siku zisilingane na za mwenye stoo hata kidogo, ingawa za mwezi zinakaribiana. Ameniomba niizime. Mwenye stoo amesema isizimwe, kwa kuwa tangu iwepo hajajumlisha kitu kwa mkono. Nimewapa ripoti mbili, kila moja imeandikwa juu yake kwa herufi kubwa siku inaanza saa ngapi. Usiku wa mwisho wa mwezi bado unaanguka mwezi mmoja kwa huyu na mwezi mwingine kwa yule, na hilo wamesema watalizungumza wenyewe.